Kabla ya Bonanza, Nionyeshe Ratiba ya Zamu

Bosi akiniita tuzungumze kuhusu morali ya watumishi, mara nyingi ameshapanga bonanza: kuvuta kamba, fulana zenye nembo, pilau na hotuba. Sina ugomvi na pilau. Ila mimi huomba kwanza ratiba ya zamu, na siitaki ile iliyochapwa vizuri ikakaa kwenye faili. Naitaka iliyobandikwa ukutani, yenye kufutwafutwa.

Kazi yangu ni rasilimali watu hapa Tabora, na wateja wangu wengi ni vituo vya afya. Mji huu ni wa reli. Njia ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapa, kwa hiyo familia nyingi zinajua zamu ni nini. Hata hivyo ukiuliza sera ya taasisi kuhusu ustawi wa wafanyakazi, utafunguliwa kabati. Sera ambayo mtumishi anaiishi ni ile karatasi ya ukutani na mtu mwenye kalamu ya kuibadilisha.

Kuna kituo kimoja nilisoma ratiba yao nikasimama kwenye jina la muuguzi mmoja. Usiku wake ulikuwa umeongezwa kwa wino wa rangi nyingine, bila sahihi yake. Anakabidhi wodi saa moja na nusu asubuhi, halafu saa tano anatakiwa kwenye kikao cha idara. Asipokwenda, anaandikiwa barua. Akienda, anasinzia kikaoni, na usiku huohuo ndiye anayevuta dawa ya mtoto kwenye sindano.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Mtu akimaliza kazi apate saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kikao cha saa tano kimeshazikata zile saa 12, hata kama mezani kuna soda.

Jibu ninalopewa ni lilelile: "Watumishi hawatoshi, nifanyeje?" Kweli, ajira mpya hazimo mikononi mwa mganga mfawidhi. Lakini tangu mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa Marekani, alieleza kwamba wingi wa kazi peke yake siyo unaomvunja mtu zaidi. Kinachomvunja ni kazi nyingi asiyokuwa na kauli juu yake. Uchunguzi mkubwa wa watumishi wa serikali jijini London, ulioanza mwaka 1985 kwa watu 10,308, ulikuta ugonjwa wa moyo ukiwapata zaidi wale waliokuwa na kauli ndogo kazini. Kauli haihitaji kibali cha ajira.

Matroni wa kituo kile alinielewa haraka. Ratiba ikaanza kubandikwa wiki moja kabla ya mwezi kuanza. Wawili wakitaka kubadilishana zamu wanasaini daftari, yamekwisha, hakuna kwenda kupiga magoti ofisini. Aliyetoka usiku haitwi kikaoni. Mwenzake anampa yaliyoamuliwa. Idadi ya wauguzi haikubadilika. Zilizopungua ni zile simu za jioni za "shikamoo matroni, leo nimeamka vibaya".

Jambo la pili ni makosa. Mwaka 1996 Amy Edmondson alichapisha utafiti wake wa makosa ya dawa katika hospitali za Marekani. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Akakuta zimeripoti mengi zaidi. Maelezo aliyoyatoa: huko watu walithubutu kuyasema. Ndiyo maana daftari la makosa lisilo na doa linanitia wasiwasi. Matroni huyu alipoambiwa na binti mmoja kwamba mgonjwa amepewa dozi mara mbili, aliuliza, "Mgonjwa yukoje sasa?" Maswali ya nani na kwa nini aliyaacha hadi mgonjwa alipoangaliwa. Wodi nzima ilimsikia.

Tathmini ya utendaji nayo ina nafasi yake, sitaichimba leo. PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, inakuuliza umetekeleza nini; haikuulizi ulilala lini.

Kama wewe ni mkuu wa idara na hujui uanzie wapi, toa ratiba za mwaka uliopita uangalie nani alipangiwa usiku wa Idi, wa Krismasi na wa mwaka mpya. Usishangae ukikuta majina yaleyale: mgeni wa mkoa, yule ambaye "hana familia hapa", na mmoja aliyewahi kukubishia kikaoni. Kaa na hao watatu kabla hujapanga mwezi ujao.