Je, wajua kwa nini vipimo vizuri vya figo vya mzee aliyekonda humtia daktari wa kemo wasiwasi?

Taja barazani Lamu kwamba mzee wa miaka 78 amepatikana na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, na hukumu hutoka papo hapo: kemo ni ya vijana, mwacheni mzee apumzike. Sivyo, na imejulikana sivyo tangu 1999. Mwaka huo Waitaliano walitoa matokeo ya wagonjwa 161 wa miaka 70 na zaidi. Waliopewa vinorelbini, dawa mojawapo ya kemo, peke yake, nusu yao walivuka wiki 28. Waliopewa matunzo tu, wiki 21. Mwaka 2011 Wafaransa walilinganisha dawa mbili kwa pamoja, karboplatini na paklitaxeli, na dawa moja, kwa wagonjwa 451 wa miaka 70 hadi 89. Nusu ya wa dawa mbili walivuka miezi 10.3, wa dawa moja 6.2. Ila dawa hizo mbili zenyewe ziliwaua asilimia 4.4, dhidi ya 1.3.

Kwa hiyo daktari haanzii kwenye mwaka wa kuzaliwa. Huuliza: mzee, unaoga mwenyewe? Msikitini unakwenda kwa miguu? Mchana unashinda wapi, kitandani au nje? Majibu hupewa alama, 0 mpaka 4, na kadiri alama inavyopanda ndivyo nguvu zinavyopungua. Mwenye 2 hawezi kazi, lakini anajihudumia na zaidi ya nusu ya saa zake za macho yu wima. Mwenye 3 nusu hiyo na zaidi imemezwa na kitanda au kiti. Kwa mwenye 2 bado kemo huzungumzwa. Kwa 3 na 4 kwa kawaida hapana, ingawa wagonjwa hao ni nadra kuingizwa kwenye majaribio, hivyo hapo uzoefu ndio unaotangulia. Wapo pia ambao uvimbe wao una badiliko la jeni linalotibika kwa vidonge. Hao hesabu yao ni nyingine kabisa.

Akishachaguliwa, swali ni kiasi cha dawa, yaani kipimo chake. Dawa nyingi za kemo hupimwa kwa ukubwa wa mwili, lakini karboplatini hufuata figo, kwa kanuni iliyotolewa 1989, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa. Na figo hukadiriwa kwa kreatinini ya kwenye damu: ikiwa nyingi, figo zimechoka.

Kasoro ni kwamba kreatinini ni taka ya misuli. Chukulia vichochoro vya Lamu. Mavi ya punda yakizagaa, utasema wafagiaji wamelala. Sasa punda nusu wahamishwe na wafagiaji nusu waache kazi: njia itabaki vilevile, nawe utawasifu wafagiaji. Misuli ndiyo punda, figo ndizo wafagiaji. Mzee aliyekwisha misuli hutoa taka kidogo, na figo zake dhaifu zinaimudu. Damu yaonekana safi. Kanuni nayo, bila kinyongo, inampangia kipimo cha mtu mwenye figo nzima. Dawa hukawia mwilini, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinashuka, na aliyekuwa na alama 2 anafika 3.

Kwa sababu hiyo madaktari wengine huweka kiwango ambacho kreatinini haihesabiwi chini yake hata damu ikionyesha kidogo zaidi, au huanza na kipimo kidogo, au huchagua dawa moja isiyotegemea figo sana. Kiwango gani hasa, ushahidi ni mwembamba. Safari nayo imo: mpango wa Wafaransa unataka paklitaxeli wiki tatu kati ya kila nne, na kwa mtu wa Lamu anayetibiwa Mombasa hiyo ni boti hadi gati ya Mokowe, upande wa bara, kisha basi, kila mara.

Kuna kipimo kingine cha kukadiria figo, cha sistatini C, protini ya kwenye damu, kisichotegemea misuli sana. Bahati mbaya, protini hiyo hupandishwa na dawa za steroidi, na steroidi ndizo wanazopewa wagonjwa hawahawa kuzuia kichefuchefu cha kemo.