Mtoto atogwe masikio lini?

Hapa Mwanza swali hili naletewa sana siku za chanjo. Mama amembeba mtoto wa wiki sita, ananiuliza, "Sista, nimtoge sasa?" Kabla sijajibu naomba kadi ya kliniki.

Tundu la sikio ni jeraha, na jeraha lolote ni mlango wa pepopunda. Sindano ya penta, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ndiyo inayomkinga mtoto na pepopunda, na homa ya ini ya B pia. Ambaye hajamaliza zote tatu mimi simtogi, hata bibi akija na hereni za dhahabu mkononi. Naijua heshima ya bibi, lakini wiki chache hazimpunguzii mtoto uzuri.

Baada ya chanjo hizo, wapo wanaotoga mapema na mtoto akapona vizuri. Ninaowahofia ni wa mwaka mmoja hadi minne: anavuta hereni, anaitia mdomoni, na kifungio kikibana sana kinazama ndani ya nyama. Ukiniuliza mimi, subiri afike umri wa shule, aseme mwenyewe "nataka", na aweze kunawa mikono kabla ya kugusa sikio. Ila panga na mwalimu mapema. Shule nyingi haziruhusu hereni, na tundu jipya linahitaji hereni ikae wiki 6 au zaidi; ukiitoa kabla ya hapo linaziba. Likizo ya Desemba peke yake inaweza isitoshe.

Kusubiri nako kuna kikomo katika familia zenye makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, yaani keloidi. Ngozi nyeusi huyapata zaidi, na hatari ni kubwa kwa wanaotogwa kuanzia miaka 11. Kama wewe mama au baba unayo, tuzungumze kwanza. Wengine nawashauri wasitoge kabisa, na ninamaanisha hivyo. Mwenye sikoseli, ugonjwa ulioenea huku Kanda ya Ziwa, aonwe na daktari wake kwanza.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe ukiona. Bunduki ya plastiki ya kutogea masikio haivumilii joto la kuua vijidudu, kwa hiyo siipendi. Uzi nao hunyonya uchafu na jasho, usiuache sikioni. Toga nyama laini ya chini tu; gegedu, ile sehemu ngumu ya juu, likioza, sikio hupoteza umbo.

Nyumbani safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Dawa ya meno na majivu, hapana. Wa Igombe na Kayenze, msimruhusu kuogelea ziwani mpaka tundu lipone. Sikio likivimba, likitoa usaha, au mtoto akipata homa, usiing'oe hereni mwenyewe. Mlete siku hiyohiyo.