Je, wajua? Simu yako haipimi hewa hata kidogo

Ukifungua programu ya hali ya hewa unakuta kaduara kenye rangi na namba ya ubora wa hewa, tuseme 87, na watu wengi wanaamini simu yenyewe ndo imenusa hewa ya pale walipo ikatoa jibu. Wapi! Simu za kawaida hazina kifaa cha kupima uchafu wa hewa. Inachukua tu lokesheni yako inaituma kwenye seva, seva inarudisha namba ambayo pengine imetoka kituo kilichopo kilomita kadhaa toka ulipo, au haijatoka kituo chochote, ni makadirio ya kompyuta yaliyochanganya upepo, hesabu za moshi wa magari na viwanda, na data za satelaiti kama Sentinel-5P iliyorushwa 2017. Na satelaiti inaangalia hewa toka juu angani mpaka chini, sio ile ya usawa wa pua yako peke yake, kwa hiyo sehemu isiyo na vituo hiyo namba ichukue kwa tahadhari.

Halafu 87 sio asilimia, wala sio kiasi cha uchafu. Ni maksi. Kwa mfumo wa Marekani skeli inaanzia 0 mpaka 500, na vumbi laini la PM2.5, vumbi kubwa kidogo la PM10, ozoni na gesi nyingine kila kimoja kinapewa maksi zake, kisha inatangazwa ile kubwa kuliko zote, yaani mbaya zaidi. Hakuna kutafuta wastani. Ndo maana siku mbili zenye 120 zinaweza zisifanane kabisa, moja ni moshi unaouona kwa macho, nyingine ni ozoni na anga ni bluu safi.

Na kila nchi ina fomula yake! PM2.5 ikiwa mikrogramu 36 kwa mita ya ujazo, Marekani wanaandika 102, rangi ya chungwa ya tahadhari, India wanaandika kama 60, hewa inaridhisha. Hewa ni ileile. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa wastani wa saa 24. Kwa hiyo bonyeza ile namba uone mikrogramu zenyewe, programu nyingi zinazo ila zimezificha ndani.

Kama unataka data yenyewe, anza na tovuti ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako kama inarusha vipimo (Marekani ni AirNow), OpenAQ inakusanya vya nchi nyingi na ni bure, na kuna ramani za vifaa vidogo vya kupimia hewa vya wananchi kama PurpleAir na Sensor.Community, hii ya pili ilianzia Stuttgart.

Sasa hivyo vifaa vidogo vina vituko vyake. Umeshaona mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la dirisha chumba kikiwa na giza, vumbi ambalo hukuliona linaanza kumetameta? Ndicho kinachofanyika mle ndani: feni inavuta hewa, leza inapiga mwale, jicho la umeme linahesabu mmeto. Hakipimi uzito, kinaona mwanga kisha kinakisia uzito. Hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe zinanyonya maji, zinavimba, zinameta zaidi, na namba inapanda wakati vumbi halijaongezeka. Mashine kubwa za vituoni nyingi zinakausha hewa kwanza kwa kihita, halafu zinanasa vumbi kwenye utepe wa chujio na kupitisha mionzi ya beta kujua limerundikana kiasi gani.

Kwa moshi vifaa vidogo vinafanya kazi vizuri tu, hasa data zikisharekebishwa kwa unyevu. Vumbi la jangwani ndo linavishinda, chembe zake kubwa nyingi hazivifikii vizuri au hazisomeki, kwa hiyo dhoruba inapiga, huoni hata mita mia mbele, na PM10 kwenye ramani inasoma kama hakuna kitu.