Timu mbovu, filamu tamu

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya filamu, na kichekesho cha michezo hakinipigi chenga. Kurasa kumi za kwanza zinatosha: timu ya mkiani, kocha mwenye kisirani, kipa anayeuogopa mpira, na wapinzani waliovaa jezi zilizopigwa pasi. Mwisho unajulikana hata na mtoto. Lakini kaa kwenye benchi la mbao katika kibanda cha video pale Kayole, dijei akiitafsiri picha kwa Sheng, usikie watu wanavyopiga mayowe kana kwamba matokeo hayajulikani.

Wengi watakuambia utamu uko kwenye ushindi. Nabisha. Utamu uko pale mwandishi anaposogeza mstari wa kumalizia tukiwa tunacheka.

Chukua Cool Runnings ya mwaka wa 1993, ile ya Wajamaika wanne na kigari chao cha kuteleza kwenye barafu. Mwanzoni wanataka medali. Karibu na mwisho kigari kinapinduka, na ghafla hatutaki medali tena, tunataka wafike tu. Wanakibeba begani mpaka mstarini, nasi tunafuta machozi kwa ajili ya watu ambao hawajashinda chochote. Kwenye Olimpiki halisi ya Calgary, Kanada, mwaka wa 1988 kigari kilipinduka kweli, ila vijana walitembea kando yake kikisukumwa kwenye barafu. Mabega ni ya mwandishi, na alijua anachofanya: begani hubebwa jeneza na hubebwa mshindi, na tukio lile lina vyote viwili.

Mbona kicheko, basi, si huzuni? Kwa sababu huruma huchosha. Ukinionyesha wanyonge wakilia saa nzima, nitatafuta njugu. Kicheko kinatutega. Dakika ishirini za kwanza tunawacheka pamoja na wale wenye jezi safi, yaani tuko upande mbaya na hatujui. Kisha siku moja mpinzani anacheka, na sisi hatucheki. Hapo ndipo filamu inapogeuka. Mswada ukinifikia bila tukio hilo, naurudisha, hata kama mechi ya fainali imeandikwa vizuri namna gani. (Mazoezi ya kupanda milima huku muziki ukipigwa siyagusi. Hayo ni ya mhariri wa picha.)

Kuna mfano wa upande wa pili. Dodgeball ya mwaka wa 2004, ile ya wanyonge wanaoingia mashindano ya kurushiana mipira, ilikuwa imalizike wakishindwa. Watazamaji wa majaribio wakakasirika, na mwisho ukabadilishwa. Wenzangu huita huo woga. Mimi nasema watazamaji walikuwa sahihi: wale jamaa walihitaji dola 50,000 kuokoa jimu yao, na haja hiyo haikubadilika toka mwanzo. Mstari haukusogezwa, kwa hiyo kushindwa kungekuwa kushindwa tu.

Ninapofundisha uandishi hapa Nairobi, huwapa wanafunzi kisa chetu wenyewe. Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani, 1998: Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za wastani, anashiriki kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Anamaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie anamsubiri mstarini na kumkumbatia. Baadaye Boit anampa mwanawe jina la Dæhlie.

Ukikitazama haraka unadhani kisa kimejiandika. Kumbe ni kigumu ajabu, maana mpinzani ni mwungwana. Wanafunzi wengi humgeuza bingwa kuwa mwenye dharau, wakaua jambo lile lile lililowavutia. Mimi huwauliza: ni nani aliyekuwa akimcheka Boit? Wanatazamana.

Muhula uliopita mmoja alilipata jibu. Hakuanzia Norway wala Japani. Alianzia kijijini: kijana anateremka barabara ya murram na mbao mbili miguuni, anaanguka kwenye mtaro, na wazee chini ya mti wanacheka mpaka mmoja anadondosha bakora. Darasa zima likacheka nao. Nilimrudishia mswada wake ukiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu, pembeni mwa kicheko hicho: "Wazee hawa wawepo redio itakapotangaza matokeo."