Kumkumbuka kijana aliyefariki katika maporomoko: maswali tunayoulizwa na wafiwa

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka hadi mjini Katesh na katika vijiji vya jirani, mkoani Manyara, likaua watu zaidi ya 80. Wapo wazazi waliozika watoto wa shule na vijana waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza maisha. Sisi tunaohudumia afya ya akili huwapokea wafiwa wa maafa ya namna hii, na wengi wao hufika wakiwa wamechelewa mno.

Je, majonzi ni ugonjwa?

Hapana. Kulia, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, hata kuhisi kwamba umemsikia marehemu akiita mlangoni, ni mambo ya kawaida katika miezi ya mwanzo. Yanakuwa ugonjwa pale ambapo, baada ya miezi 6 au zaidi, mfiwa bado amezama katika uchungu uleule kila siku kiasi cha kushindwa kufanya kazi, kusoma au kulea.

Je, si bora tusimtaje kijana huyo mbele ya mama yake, ili asahau?

Hapana, tena hapana. Watu wenye nia njema kabisa huondoa picha ukutani, hugawa nguo na madaftari kabla matanga hayajaisha, na huwakataza watoto kutamka jina, wakiamini kwamba kumtaja marehemu ni kumtonesha mama kidonda. Mama hasahau. Anachojifunza ni kwamba majonzi yake yanawachosha watu, kwa hiyo huyaficha, na miezi kadhaa baadaye tunaletewa mtu anayelalamika kuumwa kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio, ambaye amekwisha kupimwa malaria na taifodi mara kadhaa na kumezeshwa dawa za magonjwa asiyokuwa nayo. Tukimuuliza tu, "Mwanao alikuwa anaitwa nani?", machozi humtoka, na mara nyingi hutuambia kwamba hakuna aliyemuuliza swali hilo tangu siku ya maziko. Mtajeni kwa jina. Asipotaka kuzungumza siku hiyo, msimlazimishe, wala msimhoji asimulie jinsi tope lilivyoingia ndani. Lakini ajue kwamba siku akitaka, mpo.

Baba yake hakulia hata mara moja. Je, huyo amekwisha kupoa?

Wapo wanaoomboleza bila machozi na wakapata nafuu. Lakini baba aliyeambiwa "jikaze, wewe ni mwanaume" kando ya kaburi la mwanawe, kisha akaanza kurudi nyumbani kila usiku akiwa amelewa, hajapoa. Tunawaomba wazee wa familia waiache kauli hiyo, kwa sababu tunayaona matokeo yake.

Je, tumnunulie vidonge vya usingizi?

Msinunue. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba dawa za jamii ya diazepamu zisitolewe kwa mfiwa kwa sababu ya majonzi peke yake, na mwili huzizoea haraka hata mtu akashindwa kulala bila hizo.

Mdogo wake ana miaka 5. Tumwambie kwamba kaka yake amesafiri?

Hapana, kwa maana atamngoja. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Mwambieni kwa maneno mafupi kwamba kaka amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, na kwamba yeye hakukosa lolote. Kesho atauliza tena swali lilelile, naye ajibiwe vilevile bila kukaripiwa.

Mimi ndiye niliyemwambia alale nyumbani usiku ule. Nitaachaje kujilaumu?

Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujishikilia. Mzazi aliyekuwa ndani ya nyumba usiku hakuwa na njia ya kulijua hilo. Tunajua kwamba maelezo haya hayaondoi lawama kwa siku moja, na ndiyo sababu tunataka mje tuzungumze zaidi ya mara moja. Ndugu nao wasimzime mtu huyu kwa kumwambia "kazi ya Mungu haina makosa" kila anapofungua kinywa. Imani yake inaweza kumtegemeza sana, lakini kwanza asikilizwe hadi mwisho.

Tusubiri hadi lini kabla ya kumpeleka hospitalini?

Msisubiri. Mtu akisema kwamba anatamani kumfuata marehemu, akianza kugawa vitu vyake, akikataa kula kwa siku kadhaa, au akizidisha pombe, mpelekeni leo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, msimwache peke yake, na muondoe sumu za shambani ndani ya nyumba. Msisubiri arobaini, msisubiri mavuno, msisubiri kikao cha ukoo. Wengine huogopa kumuuliza kama anawaza kujiua, wakidhani watamfundisha. Hamtamfundisha, muulizeni waziwazi, kwa sababu wengi huona nafuu wanapoulizwa.

Tufanye nini mvua zinapokaribia tena?

Siku ya kumbukumbu na sauti ya mvua juu ya bati hurudisha hofu hata kwa aliyekuwa amepata nafuu, na hilo pekee si dalili ya ugonjwa. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo, kaeni pamoja mkubaliane: nani atalala kwa mama usiku huo, nani atafagia kaburi, ni picha ipi itakayowekwa mezani, na ni rafiki zake gani wa darasani wataalikwa kusimulia habari zake. Rafiki hao nao wamefiwa, ingawa ni mara chache sana mtu huwapa pole.