Necmettin Erbakan: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Wengi wanaolisikia jina la Erbakan, waziri mkuu wa Uturuki mwaka 1996 hadi 1997, humdhania shehe aliyetoka msikitini akaingia bungeni. Erbakan alikuwa mhandisi wa mitambo. Alizaliwa Sinop, pwani ya Bahari Nyeusi, mwaka 1926, akahitimu Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul mwaka 1948, akapata udaktari wake Aachen, Ujerumani, kisha akarudi kufundisha hadi akawa profesa mwaka 1965. Mwaka 1956 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Gümüş Motor ili Uturuki iunde injini zake za dizeli. Ni kweli kwamba alikuwa muridi (mwanafunzi wa kiroho) wa Shehe Mehmed Zahid Kotku wa tarika ya Kisufi ya Naqshbandiyya, na malezi hayo yalimjenga; lakini mtu asiyeujua upande wa viwanda hawezi kuzielewa hotuba zake, ambazo ziliahidi viwanda vizito kwa mkazo uleule zilioutumia kuhimiza maadili.

Siasa yenyewe aliingilia mlango wa biashara. Akiwa katika Muungano wa Vyama vya Wafanyabiashara aliwatetea wenye maduka na viwanda vidogo vya Anatolia, waliolalamika kwamba fedha za kigeni na vibali vya kuagiza bidhaa vilikuwa vikiishia kwa matajiri wa Istanbul na Izmir. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti mwaka 1969, serikali ya waziri mkuu Süleyman Demirel, ambaye walisoma naye chuo kimoja, ikamwondoa, na mwaka huohuo wapiga kura wa Konya wakampeleka bungeni akiwa mgombea binafsi.

Dhana nyingine ni kwamba hakuweza kushirikiana na mtu asiye wa mrengo wake. Chama chake cha kwanza, Milli Nizam, kilifungwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1971. Kilichofuata, Milli Selamet, kilipata viti 48 mwaka 1973, naye akaunda serikali pamoja na Bülent Ecevit, kiongozi wa chama kilichoanzishwa na Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, chama kilichokuwa ngome ya usekula, yaani kutenganisha dini na serikali. Akiwa naibu waziri mkuu katika serikali hiyo alikuwapo jeshi lilipotumwa Kupro, Julai 1974.

Husemwa pia kwamba mwaka 1996 Waturuki walio wengi walimkabidhi nchi. Chama chake cha wakati huo, Refah, kiliongoza uchaguzi wa Desemba 1995 kwa takriban asilimia 21 tu ya kura, viti 158 kati ya 550, na uwaziri mkuu ulipatikana kwa muungano na chama kingine, cha Tansu Çiller. Udhaifu huo ndio unaoeleza mengi yaliyofuata, hata lile linalowashangaza wafuasi wake: alikuwa ameilaani Israeli majukwaani kwa miaka, lakini serikali yake haikuuvunja mkataba wa kijeshi uliotiwa saini Februari 1996 kabla hajaingia madarakani, na Agosti ikatia saini mwingine wa viwanda vya ulinzi.

Kuhusu kuanguka kwake, watu husimulia kana kwamba askari walimtoa ofisini kwa bunduki. Vifaru vilipita Sincan, karibu na Ankara, mapema Februari 1997, na hicho kilikuwa kitisho cha wazi. Ila silaha iliyomwangusha ilikuwa karatasi ya Baraza la Usalama wa Taifa, ambamo majenerali walikuwa na sauti kubwa, ya tarehe 28 Februari, yenye masharti yaliyogusa tarika na shule za imam-hatip, zilizoanzishwa kufundisha maimamu. Alijiuzulu Juni akitumaini Çiller angerithi kiti, lakini Rais, ambaye sasa alikuwa Demirel yuleyule, akampa mpinzani wao Mesut Yılmaz jukumu la kuunda serikali. Refah kilifungwa Januari 1998, naye akazuiwa siasa kwa miaka mitano, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa dhuluma kwa mamilioni waliokipigia kura.

La mwisho ni kumwita mwanzilishi wa AKP, chama cha Erdoğan. Recep Tayyip Erdoğan na Abdullah Gül walikulia kisiasa mikononi mwake, lakini mwaka 2001 walijitenga naye, na yeye akabaki na wazee waliounda chama cha Saadet. Alirudi kukiongoza chama hicho mwaka 2010, akiwa amepita miaka 80, akiwashambulia hadharani wanafunzi wake wa zamani, na alikuwa bado kiongozi wake alipofariki Ankara tarehe 27 Februari 2011.