Kijani kwenye bei ndogo: dhana potofu kuhusu programu za zabuni kwa mkandarasi mkuu

Mkandarasi anayetafuta programu ya kusimamia zabuni huwa na swali moja kabla ya mengine yote: "Itanionyesha nani ana bei ya chini?" Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana kwenye maonyesho yao kitu cha kwanza wanachokufungulia ni jedwali lenye kampuni tatu, bei tatu, na rangi ya kijani kwenye bei ndogo. Kijani hicho kinaweza kumtia mkandarasi hasara kubwa, na bado swali ni lile lile kila wiki. Basi tulimalize hapa.

Dhana: "Programu italinganisha bei yenyewe"

Programu inalinganisha tarakimu. Kazi iliyomo ndani ya tarakimu haioni, kwa sababu kazi hiyo mara nyingi imeelezwa kwenye barua iliyoambatanishwa na kotesheni, mistari ya mwisho kabisa: "bei hii haihusishi uchimbaji", "VAT ni juu yake", "bei ni halali kwa siku 30".

Chukua mfano wa kazi za umeme kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne, Dodoma. Umewaalika makandarasi wadogo watatu wa umeme, yaani wale utakaowapa sehemu hiyo ya kazi yako, na wote wamejibu. Kwenye skrini A ana shilingi 168,500,000, B ana 179,200,000 na C ana 205,320,000. Programu inampaka A kijani. Mkadiriaji mwenye haraka anaichukua 168,500,000, anaongeza asilimia yake ya faida na kuiingiza kwenye zabuni.

Sasa fungua barua. C ameweka VAT ndani ya bei, wenzake hawajaweka. Gawanya 205,320,000 kwa 1.18, unapata 174,000,000. B amejaza kila kitu isipokuwa kuchimba na kufukia mitaro ya kebo za nje, kazi ya 1,800,000. Bei yake halisi ni 181,000,000. A ameacha trei za kebo, 6,800,000; ameacha ethi (nyaya za kupeleka umeme unaovuja ardhini) na kinga ya radi, 4,700,000; na upimaji kabla ya makabidhiano, 2,500,000. Jumla yake ni 182,500,000. Mpangilio umegeuka wote: aliyekuwa juu kabisa ndiye wa chini, na yule wa kijani ndiye ghali kuliko wote. Aliyezabuni kwa bei ya A ameshajifunga kwa mteja na upungufu wa milioni 14, na hajaweka hata mfuko mmoja wa saruji eneo la kazi.

Hakuna programu itakayokufanyia kazi hiyo usipoiandikia orodha ya kazi kabla ya kutuma mwaliko. Kwa umeme, orodha hiyo haipungui mistari 15 hadi 20: kebo kuu, DB (bodi ya kugawia umeme), trei na mabomba ya waya, taa, soketi, ethi, kinga ya radi, mitaro, kutoboa na kuziba kuta, usafirishaji, ulinzi wa vifaa eneo la kazi, upimaji, michoro ya mwisho ya kazi iliyofanyika, mafunzo kwa watumiaji, muda wa matazamio (wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano). Kila mkandarasi mdogo ajibu kila mstari. Kwa hiyo unapokagua programu, achana na rangi. Angalia kama inakuruhusu kuandika mistari yako mwenyewe zaidi ya ile ya BOQ (orodha ya kazi na idadi zake anayoitoa mteja), na kama kila mstari una majibu matatu: imo, haimo, hajajibu. Kuna programu zenye mawili tu, au zenye kisanduku cha bei peke yake, na kisanduku kitupu zinakihesabu kuwa sifuri. Hapo ndipo A anapopata kijani chake.

Jambo la kisanduku kitupu linawachanganya hata wakadiriaji wazoefu. Nyaraka za kawaida za zabuni zinasema kipengele cha BOQ ambacho mzabuni hakukiwekea bei kitahesabiwa kuwa kimo ndani ya bei zake nyingine, wala hakitalipwa peke yake. Mteja anaweza kukufunga wewe kwa sharti hilo. Wewe huwezi kumfunga mkandarasi wako mdogo kwa sharti hilo hilo kama kotesheni yake inasema "haihusishi", au kama hukumpa masharti hayo kwa maandishi kabla hajaweka bei. Utupu wa juu ni mzigo wako, utupu wa chini nao ni mzigo wako.

Ukikuta pengo, usikisie. Angalia wengine wawili waliweka bei gani kwa kipengele hicho, chukua ile kubwa, iandike kama makadirio yako, kisha mpigie mwenye pengo umtake athibitishe kwa maandishi kabla ya kufunga zabuni. Programu inayofaa huweka makadirio yako kwa rangi tofauti na bei aliyoitoa mwenyewe, na huandika nani ameyaweka na siku gani. Isiyotofautisha, kaa mbali nayo. Miezi minne baadaye, mkijadili mkataba, hakuna atakayekumbuka kama 6,800,000 ile ni ya A au ni yenu.

Idadi nazo zifungwe. Mkandarasi mdogo akipewa faili analoweza kubadilisha, atajaza bei kwa mita 1,000 za kebo kwa sababu ndivyo alivyopima mwenyewe, na BOQ inasema 1,240. Huenda yuko sahihi, lakini aliandike hilo kama swali na asiguse idadi. Kuhusu programu zinazosoma kotesheni zilizopigwa picha na kujaza jedwali zenyewe: zinasaidia kwa maandishi ya kompyuta yaliyo safi, lakini muhuri uliopita juu ya tarakimu unatosha kuigeuza 1,850,000 kuwa 185,000. Zidisha bei kwa idadi, linganisha na jumla aliyoiandika mwenyewe. Dakika kumi kwa kila kotesheni.

Na tarehe. Zabuni yako kwa mteja ikitakiwa kuwa hai kwa siku 120, kotesheni ya siku 30 inakuacha siku 90 bila kinga, na kebo za shaba hupanda bila kukuuliza. Uhai wa kotesheni uwe na safu yake kwenye jedwali, pembeni ya bei. Ukiwa umezikwa kwenye kiambatanisho hakuna atakayeuangalia.

Dhana: "Tuna NeST, programu nyingine ya nini?"

TANePS, mfumo wa awali wa zabuni za mtandaoni za serikali ya Tanzania, ilifungwa Oktoba 2023 na zabuni hizo zikahamia mfumo mpya, NeST. Wengi wakahesabu kwamba suala la programu limekwisha. NeST inashughulikia uhusiano wako na taasisi nunuzi: unaona tangazo, unajaza fomu, unaweka bei, mfumo unafunga saa ikifika na hauna huruma na aliyechelewa kwa dakika moja. Haijui chochote kuhusu kampuni nane za lifti, mabomba, alumini na umeme ulizoziomba bei ili uijaze fomu hiyo. Upande huo mnunuzi ni wewe. Isitoshe hoteli, kiwanda na maghorofa ya watu binafsi hayapiti humo.

Hatari kubwa iko kwenye marekebisho ya nyaraka. Mteja akibadilisha BOQ siku tano kabla ya kufunga, taarifa inakuja kwako. Mkandarasi wa mabomba uliyemtumia BOQ ya zamani hataambiwa na mtu usipomwambia wewe. Programu yako lazima ionyeshe kila bei imetokana na toleo lipi la nyaraka, na iwaombe wote waliokwisha kujaza waithibitishe upya. Ratibu pia tarehe za mwisho mbili tofauti: ya NeST, na ya kwako kwa makandarasi wadogo, iwe siku tatu au nne za kazi kabla. Atakayeleta bei usiku wa mwisho anakunyima muda wa kusoma barua yake.

Muuzaji akikuambia programu yake inapeleka bei NeST moja kwa moja, mwambie afanye mbele yako kabla hujalipa.

Dhana: "Ile kubwa ya Marekani ndiyo bora, ina mtandao wa maelfu ya makandarasi wadogo"

Mtandao huo upo, na kwa mkandarasi wa Texas una thamani. BuildingConnected, ambayo iko chini ya Autodesk tangu 2019, ilijengwa juu yake. Lakini maelfu hayo yako Marekani. Fundi wa vigae wa Mbezi hayumo, wala kampuni ya lifti ya Mwanza. Ukinunua programu hapa, orodha utaijenga mwenyewe, namba kwa namba.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaigusi. Marekani mteja kwa kawaida hatoi BOQ. Mkandarasi mkuu na wadogo wake hupima kila mmoja kutoka kwenye michoro. Ndiyo maana programu za kule zimejaa zana za kupimia, na kazi hupangwa kwa MasterFormat, mfumo wao wa kugawa kazi za ujenzi kwa namba, iliyopanuliwa mwaka 2004 kutoka migawanyo 16 hadi 50, umeme ukiwa namba 26. Sisi tunapokea BOQ ikiwa na idadi tayari, imepangwa na mkadiriaji majenzi wa mteja. Unaishia kulipia zana usizozihitaji, halafu unatumia wiki nzima kulazimisha BOQ yako iingie kwenye migawanyo ya watu wengine. Kodi nayo: safu ya kodi kwenye programu hizo imefikiriwa kwa kodi ya mauzo ya majimbo, inayogusa zaidi vifaa. VAT yetu ya asilimia 18 hukaa juu ya vifaa na ufundi pamoja. Jaribu kuiweka kwa kila kotesheni peke yake, "imo" au "haimo". Ikishindikana, umeshapata jibu.

Uliza pia inatozwa vipi. Kuna zinazotoza kwa kila mtumiaji, kuna zinazopima thamani ya kazi zako za mwaka, kama Procore, nyingine ya Marekani. Mwaka ukipata barabara moja kubwa, bei ya programu nayo hupanda, na kwa dola.

Dhana: "Nikialika wengi, bei itashuka"

Haishuki. Kitufe cha kutuma mwaliko kwa watu 40 ni rahisi kubonyeza, na makandarasi wadogo wazuri wakijua ni mmoja kati ya 40 hawapotezi siku mbili kukokotoa. Wanaobaki ni wenye shida ya kazi au wanaobahatisha. Alika watatu hadi watano kwa kila fani, wenye usajili hai CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) katika aina na daraja linaloendana na kazi, na kwa umeme, mafundi wenye leseni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Programu iweke tarehe za mwisho za vyeti hivyo na ikukumbushe kabla hazijapita. Hicho kipengele kimoja kinafaa kuliko mialiko elfu.

Dhana: "Mkandarasi mdogo atafungua akaunti tu"

Hatafungua. Ana simu, ana WhatsApp, ana bando la wiki. Ukimtumia kiungo kinachomtaka ajiandikishe, abuni nywila na apakue michoro yote ya MB 80, atakupigia umtumie "ile ya umeme tu", na mawasiliano yatahamia nje ya programu uliyoilipia. Chagua inayomruhusu kufungua na kujibu kwa simu bila akaunti, na ukate michoro kwa fani kabla ya kutuma: wa umeme apate ya umeme, pamoja na ya dari ili aone taa zinakaa wapi.

Dhana: "Excel imepitwa na wakati"

Kwa kampuni inayoweka zabuni tano au sita kwa mwaka, na mkadiriaji mmoja, Excel inatosha, ilimradi jedwali lina ile mistari ya kazi na safu za VAT, uhai na toleo. Inaanza kukushinda pale watu wawili wanapohifadhi nakala mbili za faili moja, au mtu anapoongeza mstari chini ya mstari wa mwisho na fomula ya jumla isiufikie. Ukiona hayo yanajirudia, ndipo utafute programu.

Namna ya kuijaribu

Usiijaribu kwa zabuni iliyo hai. Chukua ya zamani ambayo kazi yake imekwisha na gharama halisi unazijua, omba wiki mbili za majaribio, ingiza fani moja na kotesheni tatu zenye kasoro kama za A, B na C. Acha kisanduku kimoja kitupu, uone jumla inasema nini. Badilisha idadi ya kebo kutoka 1,240 kuwa 1,420 baada ya bei kuingia, uone kama inaomba bei zithibitishwe upya au inazidisha kimyakimya. Zima intaneti katikati ya kujaza, uone kilichobaki. Mwisho, toa kila kitu kwenda Excel: bei, makadirio yako, maelezo, nani aliweka na lini, pamoja na viambatanisho vikiwa na majina yake. Fanya hivyo siku ya kwanza ya majaribio, kwa sababu siku utakayoacha kulipia, faili hilo ndilo pekee litakalobaki mkononi mwako.